KUTANGULIA SI KUFIKA

Masomo: 1 Wafalme 18:41 hadi 19:8, 1 Wakorintho 9:24-27, Waebrania 12:1-3





Mtu anayewahi Misa ya asubuhi pale Mkunazini hukutana njiani na vikundi vya vijana wanaokimbia. Wamevaa raba na bukta, wanaimba, jasho linawatoka, na jua halijachomoza bado. Wako wazee wanaoguna wakiwaona. Huuliza, "Hawa wanafukuzwa na nani?" Wengine hukumbusha Mithali 28:1, pale panapotajwa mtu mwovu aendaye mbio hali nyuma yake hakuna mtu. Ni utani mzuri, lakini ni utani tu. Mtakatifu Paulo hakuwacheka wakimbiaji. Karibu na mji wa Korintho, mahali paitwapo Isthmia, kila mwaka wa pili palifanyika michezo mikubwa, na mshindi alivikwa taji la majani. Paulo alilitwaa taji lile la majani akalifanya somo: ikiwa watu hujinyima mengi kwa ajili ya kitu kitakachonyauka kabla ya juma kwisha, sisi tunaotazamia kisichonyauka yatupasa nini?

Basi mwezi huu nawaomba tuingie darasani, na walimu wetu wawe wakimbiaji. Wala sisemi wale wa mita 100, ambao kazi yao huisha kabla mtazamaji hajamaliza kukaa vizuri. Nasema wale wa mbio ndefu kupita zote, maana naona ya kuwa maisha ya Mkristo yanafanana zaidi na hizo.

MBIO ZENYEWE

Marathoni ni kilometa 42 na mita 195. Lakini wako watu ambao kwao marathoni ni nusu ya kazi. Katika Afrika Kusini ziko mbio ziitwazo Comrades, kati ya Durban na Pietermaritzburg, umbali wa karibu kilometa 90. Tupate picha: kisiwa chetu cha Unguja, kutoka Nungwi hadi Makunduchi, kina urefu wa kilometa 85 hivi. Kama kingekuwako kinjia kilichonyooka kutoka ncha hata ncha, mkimbiaji wa Comrades angekimaliza chote kwa siku moja, na bado akatakiwa kuongeza kidogo. Tena si katika ardhi ya tambarare kama yetu, bali kwa kupanda milima na kuishuka.

Ziko na nyingine zisizopita barabarani kabisa, bali katika njia za miguu, porini na milimani. Ulaya, tangu mwaka 2003, watu huuzunguka mlima Mont Blanc wakipita Ufaransa, Italia na Uswisi, kilometa karibu 170, nao hupewa saa 46 na nusu. Hukimbia usiku kucha wakiwa na taa kichwani. Huko Marekani, katika milima ya California, palikuwa na mashindano ya farasi ya maili 100 kwa siku moja. Mwaka 1974 kijana mmoja, Gordy Ainsleigh, aliamua kwenda bila farasi. Alikimbia kwa miguu yake mwenyewe, akafika kwa saa 23 na dakika 42. Hapo ndipo yalipoanza mashindano ya miguu yaitwayo Western States, na hadi leo amalizaye kabla ya saa 24 hupewa bizimu ya mkanda ya fedha. Maili 100 kwa ajili ya bizimu! Naona Mtakatifu Paulo angetabasamu, kisha angechukua kalamu.

CHANZO CHAKE KI KATIKA NCHI YETU

Wachache kati yetu wanajua kwamba mbio za Comrades zilizaliwa katika ardhi ya Tanganyika. Mwanzilishi wake, Vic Clapham, alikuwa dereva wa gari la moshi. Katika Vita Kuu ya Kwanza aliletwa Afrika ya Mashariki akiwa askari wa miguu katika jeshi la Afrika Kusini, kupigana na Wajerumani wa jenerali von Lettow-Vorbeck. Alitembea katika pori, jua, mvua na homa, mwendo uliofika jumla ya kilometa 2,700. Wenzake wengi hawakurudi. Vita vilipokwisha, aliwaza: marehemu hawa tuwakumbuke kwa nini? Wengine walijenga minara ya mawe. Yeye akataka kumbukumbu ya jasho, yaani watu washiriki kidogo taabu waliyoipata wale. Wakubwa walimkatalia, akaomba tena mwaka baada ya mwaka, hata wakamkubalia na kumkopesha pauni moja. Tarehe 24 Mei 1921 watu 34 waliondoka Pietermaritzburg. Waliofika Durban walikuwa 16.

Tusisahau upande wa pili. Mbio hizo za kuwakumbuka ndugu wa vitani hazikuwakubali watu weusi wala wanawake hadi mwaka 1975. Hata hivyo mwaka 1923 mama mmoja, Frances Hayward, alikataliwa kuandikishwa, akakimbia vivyo hivyo, akafika kwa saa 11 na dakika 35. Mwaka 1935 Robert Mtshali, mtu mweusi, alifika kwa saa 9 na nusu, na jina lake halikuandikwa katika orodha ya washindani. Daftari la wanadamu lina mapengo. Daftari la Mungu halina.

Nalo jeshi lile alilokwenda nalo Clapham halikubebewa chakula na risasi na punda peke yao. Mizigo ilikuwa vichwani mwa wapagazi wa Kiafrika, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni mabaki ya jina la kikosi chao. Hapa Unguja pia walichukuliwa. Mwaka 1916 Askofu wetu Frank Weston alipoona hivyo, hakubaki Mkunazini kuwaombea tu. Aliunda kikosi cha wapagazi wa Unguja, akavuka nao bara, akatembea nao kwa miguu akiwa mkuu wao. Askofu akitembea mbele ya wapagazi: hilo ni hubiri lisilohitaji mimbari.

Tena kila tuingiapo katika Kanisa Kuu la Kristo tunaona msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Dakta Livingstone aliyefariki mwaka 1873. Moyo ulibaki, lakini mwili Chuma na Susi na wenzao waliubeba kutoka nchi ambayo leo ni Zambia hadi Bagamoyo, zaidi ya maili 1,000, wakafika Februari 1874. Hakuna aliyewalazimisha. Wangeweza kumzika pale pale na kwenda zao. Na msalaba ule umesimama mahali palipokuwa soko la watumwa, ambao nao walitembezwa kutoka bara mwendo kama huo huo wakiwa wamefungwa shingo. Waebrania 12 inatuambia kuwa tumezungukwa na mashahidi wengi mfano wa wingu. Katika mji huu, ndugu zangu, wingu hilo lina vumbi la safari miguuni.

Sasa tusikilize walimu wetu wanasema nini.

SOMO LA KWANZA: BANDU BANDU HUISHA GOGO

Hakuna mtu anayeamka siku moja akakimbia kilometa 90. Muulize mkimbiaji yeyote, atakwambia kuwa alianza na mwendo mdogo, akaongeza kidogo kila juma, na kila baada ya majuma kadhaa akapunguza ili mwili upone. Siku moja katika juma hukimbia mwendo mrefu, lakini polepole, kiasi cha kuweza kuzungumza na mwenziwe bila kuhema. Siku nyingine hupumzika kabisa. Na yakibaki majuma mawili au matatu kabla ya mashindano, hupunguza mazoezi, asije akafika mstarini amechoka. Wale wa pwani ya mashariki hungojea maji kupwa, wakakimbia mchangani, maana mchanga hukaza miguu. Wale wanaojizoeza katika njia za maweni hujifunza kutazama chini, kwa kuwa jiwe la tumbawe halina msamaha.

Kosa la mwanafunzi mgeni ni moja siku zote: kuongeza haraka. Juma la kwanza ana furaha, anakimbia kila siku kwa nguvu zote. Juma la tatu goti limevimba. Juma la nne raba zimewekwa uvunguni. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Je, si ndivyo tufanyavyo Kwaresima? Jumatano ya Majivu tunaahidi kusali saa nzima kila usiku, kusoma Injili zote nne, kutokula hiki na kile. Jumapili ya pili imefika, hatusali hata dakika tano. Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kwamba mtoto hajui kusoma kwa kukesha usiku mmoja na kitabu, bali kwa nusu saa ya kila siku. Heri dakika kumi za sala ambazo hazikatiki mwaka mzima, kuliko saa moja iliyodumu juma moja. Na pumziko nalo ni sehemu ya amri ya Mungu. Yeye aliyetuumba ndiye aliyetuwekea siku ya saba.

Katika hili tunao majirani wa kutufunza. Kila Ramadhani tunaona katika mitaa yetu wakubwa kwa wadogo wakishika saumu mwezi mzima, na wakimbiaji wa Kiislamu wakihamisha mazoezi yao hadi baada ya futari. Kijana wetu Mkristo anayekimbia mwezi huo asinywe maji hadharani mbele ya wafungao. Hiyo si hofu, ni adabu ya kukaa pamoja.

SOMO LA PILI: MZIGO

Katika mbio za milimani kila mkimbiaji hubeba mfuko mdogo mgongoni, na wasimamizi huukagua. Lazima awe na maji, taa, koti la mvua, na kitu cha kumkinga na baridi. Vitu hivyo asipokuwa navyo, haruhusiwi kuanza. Lakini zaidi ya hivyo hachukui kitu. Wako wanaokata mpini wa mswaki ili upungue uzito. Kwa nini? Kwa sababu kitu chepesi mwanzoni huwa kizito baada ya saa kumi.

Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania anataja vitu viwili vya kuwekwa kando: kila mzigo, na dhambi. Angalieni kwamba ametenganisha. Dhambi tunaijua. Lakini mzigo unaweza kuwa kitu kisicho dhambi hata kidogo. Kinyongo cha urithi wa shamba la mikarafuu uliokwisha kugawanywa miaka mingi iliyopita. Cheo katika kanisa ambacho mtu hataki kukiachia kijana. Shughuli ya arusi kubwa kuliko kipato, na deni lake. Mtu anaweza kuvibeba hivyo kwa mwaka mmoja bila kuumia. Kwa miaka thelathini vitampinda mgongo.

Wala tusiache vile vya lazima tukidhani tunapunguza mzigo. Mkristo anayeacha sala, Neno na Meza ya Bwana ili apate nafasi, huyo ametupa taa na koti akabaki na mawe.

SOMO LA TATU: CHAKULA CHA NJIANI

Soma habari za Nabii Eliya. Siku ile mvua iliporudi, alikimbia mbele ya gari la Ahabu kutoka Karmeli hadi kufika Yezreeli. Baada ya ushindi mkubwa na mbio kubwa, ulikuja ujumbe mmoja tu wa Yezebeli, na mtu yule aliyesimama peke yake mbele ya manabii wa Baali akakimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Wakimbiaji wanaijua hali hiyo. Husema kuwa kuna saa inafika, mara nyingi usiku, ambapo mtu hukaa juu ya jiwe akalia bila kujua analia nini. Hajavunjika mguu. Ameishiwa.

Mungu alifanya nini? Hakumkemea. Hakumhubiria. Alimpelekea malaika na mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha mara ya pili, kwa sababu safari iliyobaki ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Kwa nguvu ya chakula kile Eliya alikwenda siku arobaini hadi Horebu.

Ndiyo maana katika mbio ndefu kuna vituo. Kila baada ya kilometa kadhaa kuna meza: maji, chumvi, viazi vya kuchemsha, ndizi, supu. Mkimbiaji mwenye akili hali anapoona njaa, hula kabla. Asiyekula kwa sababu bado anajiona ana nguvu, huanguka saa mbili baadaye. Tena anywe kwa kipimo, maana hata maji yakizidi bila chumvi huharibu damu, na wako waliokufa kwa hayo.

Ndugu zangu, meza yetu tunaijua. Wapo wanaosema, "Nitakuja kukomunika nikijisikia." Huyo ni sawa na anayengoja kuzirai ndipo atafute chakula. Ekaristi Takatifu ni mkate wa wasafiri, nao huliwa njiani. Nanyi vijana wakimbiaji, nawapenda, walakini nina neno nanyi. Mwendo mrefu wa juma wekeni Jumamosi. Na kama Jumapili mmekimbia na kengele imelia, ingieni hivyo hivyo na raba zenu, kaeni nyuma. Jasho halimtii mtu unajisi.

SOMO LA NNE: KUFIKA

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Septemba 2025, katika mashindano ya dunia kule Tokyo, Alphonce Simbu wa kwetu Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda ule ule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Tofauti yao ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde. Petros alikuwa mbele katika hatua za mwisho, lakini mstarini Simbu alikuwa wa kwanza. Tulifurahi sana, na tulikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini mkimbiaji wa Tanzania ambaye dunia nzima imemfanya mwalimu wake hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa mwisho. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki, John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu, alikimbia marathoni katika mji wa Mexico, ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Misuli ilimkaza kwa ajili ya hewa ile nyepesi. Kisha katika msongamano alianguka, goti likateguka na kuchubuka, bega likaumia. Walioanza walikuwa 75, na 18 waliacha njiani. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Medali zikatolewa, watu wakaanza kwenda zao, giza likaingia. Ndipo akatokea mtu mmoja uwanjani, mguu umefungwa bendeji, akichechemea. Alivuka mstari baada ya saa 3, dakika 25 na sekunde 27, mtu wa 57 kati ya 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii: nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio, ilimtuma azimalize.

Sisi tumetumwa na nani? Siku ya ubatizo tulitiwa alama ya msalaba, na Kanisa likatutuma. Hatukutumwa tuanze. Kuanza ni rahisi: kuna nguo nyeupe, kuna picha, kuna pilau. Kipaimara hujaa vijana, na mwaka ukipita unaweza kuwahesabu kwa vidole waliosalia. Mtakatifu Paulo, alipokuwa karibu kufa, katika waraka wake wa pili kwa Timotheo hakujisifu kuwa aliwapita wengine. Alishukuru kwamba mwendo ameumaliza na imani ameilinda. Hayo tu.

SOMO LA TANO: KUVUTANA

Hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi. Comrades leo hutoa saa 12. Zikitimia, msimamizi mmoja husimama mstarini akiwa amewapa mgongo wakimbiaji, asione aliye karibu, kisha hupiga bastola. Aliyebaki hatua moja nyuma hahesabiwi. Lakini tazama dakika zile za mwisho. Watu waliokuwa na nguvu za kufika mapema hupunguza mwendo wakamshika mwenzao kwapani. Wawili humbeba wa tatu ambaye hawamjui hata jina. Na tangu asubuhi kuna wakimbiaji wazoefu wanaojitolea kukusanya wanyonge katika kundi moja, wakawaambia wapi watembee na wapi wakimbie, mpaka wote wafike pamoja ndani ya saa. Hao hawapati medali kubwa. Wangeweza kwenda mbele, wakachagua kubaki nyuma.

Sasa niulize jambo linalouma. Katika usharika wetu wako wakimbiaji wa mbio ndefu ambao hatuwaoni barabarani. Yuko mke ambaye mume wake alipooza upande mmoja, naye anamgeuza kitandani usiku na mchana, huu ni mwaka wa sita. Yuko binti aliyeacha kazi kumwangalia mama aliyepotewa na kumbukumbu, ambaye hamjui tena hata yeye bintiye. Yuko bibi anayelea wajukuu wanne peke yake. Mwezi wa kwanza wa msiba wao tulikwenda wote. Uji ulikuwa mwingi hata ukamwagwa. Mwezi wa pili tulikwenda wachache. Mwezi wa sita hakwenda mtu. Huruma yetu ilikuwa ya mita 100, na wao wanakimbia maili 100. Tunakutana nao mara moja kwa mwezi wakiwahi Misa, tunawaambia, "Pole, Mungu atakusaidia," tunapita. Mungu atawasaidia, naam. Lakini kwa Eliya alituma malaika mwenye mkate, wala hakutuma salamu.

Kwa hiyo natoa shauri, nalo Halmashauri ya Parokia na Umoja wa Mama walipime. Tuwe na vituo. Kila nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu, kuanzia Mkunazini hadi Mbweni, igawiwe kwa jamaa wanne au watano. Kila Jumamosi mmoja wao aende saa mbili, akae na mgonjwa, ili mwenye kuuguza alale, au aende sokoni, au akae tu barazani asifanye kitu. Vijana wa mazoezi wenye mikono yenye nguvu wasaidie kumwinua na kumwogesha mgonjwa wa kiume. Padre apelekewe orodha, asiyeweza kuja Misa aletewe Komunyo nyumbani bila kusahauliwa. Tusianze na nyumba ishirini tukashindwa kabla ya Pasaka. Tuanze na tatu, na mwaka ujao tuwe bado tunakwenda. Bandu bandu.

MWISHO

Bwana wetu alisema kuwa mlango utafungwa, na wanawali watano walibaki nje. Hatuna ruhusa ya kulifuta neno hilo. Lakini anayesimama mlangoni hakutupa mgongo. Katika Luka 15 tunasimuliwa juu ya mwana aliyerudi amechoka, hana viatu. Baba yake alimwona angali mbali. Hakungoja mstarini na saa mkononi. Alikimbia yeye, mzee wa heshima, akaenda kumlaki njiani. Katika mbio zote nilizozieleza, hizo ndizo kubwa kuliko zote. Na Mwanawe wa pekee alizimaliza Kalvari akiwa na mzigo begani, akianguka na kuinuka, ili asiwepo hata mmoja wetu atakayechechemea gizani peke yake.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu Kristo, uliyetutangulia ukafika, ututue mizigo isiyotupasa, utulishe mkate wa njiani, utupe saburi ya kila siku. Uwatie nguvu wanaouguza na wanaougua. Utufundishe kupunguza mwendo kwa ajili ya ndugu aliye nyuma. Uwakumbuke wote waliotembea njia hizi kabla yetu, wenye majina na wasioandikwa, na siku ya mwisho utufikishe pamoja, wewe unayeishi na kumiliki pamoja na Baba na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, milele. Amina.